Usimwache Anihutubie

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mchana wowote utanisikia hata kama sipo. "Mama njoo, dada njoo, beseni la kumwogeshea mtoto mpaka aoe." Huyo mimi. Songa mbele kidogo, kwenye duka la mashuka: "Shuka halichuji, atachuja mume." Mimi tena. Nilirekodi maneno hayo kwa simu, wenye maduka wakayatia kwenye vile vispika vinavyoning'inia mlangoni, na tangu hapo sauti yangu inafanya kazi kutwa nzima wakati mwenyewe nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nakula chipsi kavu. Kuna siku nilijisikia nikijiita kutoka milango mitatu kwa mpigo, na hakuna aliyeniuliza nimeshindaje.

Jina langu Elibariki, lakini ukiniulizia kwa jina hilo utazunguka mpaka maduka yafungwe. Uliza Mpare. Aliyeanza kuniita hivyo ni Mama Blandina, Mchagga wa Kibosho, aliyekuwa na duka la vyombo vya plastiki Mchafukoge, jirani tu na hapo, na chumba chake juu, ghorofa ya pili ya jengo hilohilo. Si unajua Wapare na Wachagga ni watani. Na utani si matusi, ni kibali. Mpare anaruhusiwa kumwambia Mchagga neno ambalo angeambiwa na mtu mwingine wangefikishana kituoni. Hata msibani. Hasa msibani.

Mama Blandina alikuwa na mtoto mmoja tu, Rogath. Mimi nilimwita Mangi, yaani chifu wa Kichagga, yeye aliniita Mpare kama mama yake, na kwa muda mrefu tulisimama pamoja mlangoni pale tukiuza mabeseni. Mimi napiga kelele, yeye anarudisha chenji. Mgawanyo wa haki kabisa, ukizingatia makabila yetu.

Halafu Mangi akaingiwa na wazo la kugombea udiwani. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa kama mtu anasoma maelekezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. "Ndugu wananchi, nitahakikisha mitaro inazibuliwa." Wananchi walikuwa wanaangalia simu zao. Baada ya hapo nikamvuta stoo, tukakaa katikati ya ndoo.

"Mangi, unauza nini?"

"Siuzi. Naomba kura."

"Ndiyo maana watu wanapita kama wamepishana na ombaomba. Sikiliza. Usiseme nitazibua mitaro. Ukisema nitazibua, halafu usipozibua? Sema mitaro hii inakwenda kuwa historia. Hapo nani atakushika?"

Akacheka. "Wewe Mpare ni tapeli."

"Mimi ni mfanyabiashara. La pili, usiseme nyie. Sema sisi. Mteja akisikia sisi anadhani na yeye ana hisa. La tatu ndilo kubwa. Taja kitu, kisha funga mdomo. Watu hawawezi kuvumilia ukimya, wataujaza wenyewe. Na wakishaujaza, ni wao waliosema, si wewe."

Hiyo ya tatu tuliifanyia mazoezi palepale. Yeye anasema "Kariakoo", anafunga mdomo, mimi najibu "Yetu." Kwenye mikutano nilikaa katikati ya watu na kuanzisha jibu, wengine wakafuata. Haikuchukua muda, hata wabeba mizigo wenye magunia kichwani walikuwa wanajibu bila kugeuka. Muuza kahawa alikuwa anajibu. Mtoto wa chekechea alimjibu mwalimu wake hivyo, akachapwa.

Mangi akashinda. Nilicheza juu ya mkokoteni mpaka ukabinuka, nikaanguka nao, na yeye alinivuta kwa mkono huku anacheka machozi yanamtoka. Picha ipo. Ndiyo ya mwisho tuliyopiga wawili bila mtu mwenye suti katikati.

Mwanzoni nilidhani ananitania. Nampigia: "Mangi, tukale mishkaki." Ananijibu: "Hilo ni wazo zuri, tutalitafutia siku muafaka." Nikacheka peke yangu kwenye simu. Kumbe upande wa pili hakuna anayecheka. Siku muafaka haikuwahi kutokea kwenye kalenda yoyote niliyoiona.

Kisha meza za wauza soksi pale kona zikatakiwa kuondoka. Akaja kuzungumza nao, kapanda juu ya gari, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa ndani yake. "Sisi tumekubaliana," akasema, "kwamba tunapisha maendeleo yetu wenyewe. Kariakoo." Tukajibu. Siwema, muuza soksi, aliniegemea baada ya gari kuondoka, akaniuliza taratibu: "Mpare, hivi mimi nilikubali lini?" Nilikuwa nimemwona akipiga makofi. Na yeye aliniona mimi.

Basi nikawa napanda juu kwa Mama Blandina. Yeye alikuwa na mtori wa ndizi, mimi nilikuwa na njaa, na wote wawili tulikuwa na mtu mmoja ambaye hatumpati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Mpare. Umekuja kuiba nini leo?"

"Nimekuja kuhakikisha ndizi za Wachagga hazijaharibika."

Siku moja nilimkuta mguu ameuweka juu ya stuli, umevimba kama mkate wa kumimina. Nikamuuliza kama Rogath anajua.

"Nilimpigia," akasema. "Nikamweleza mguu ulivyo. Unajua alinijibu nini? 'Mama, changamoto yako nimeipokea, naifanyia kazi.'" Akaunyooshea mguu kidole. "Huu hapa. Ndio changamoto."

Tulicheka. Tulicheka sana, mpaka mimi nikaweka kijiko chini. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Kutwa naisikia sauti yake," akasema. "Kwenye redio ipo. Gari la matangazo likipita hapo chini ipo. Ila kunisemesha, hanisemeshi. Mimi nazungumziwa tu, kama mtaro."

Nikamnyang'anya kitambaa, nikafuta mimi.

"Mpare, wewe ni mtani wangu. Nikifa, usimwache anihutubie."

"Mama hufi wewe. Mchagga hafi kabla ya Disemba, nauli ya kwenda kwao Krismasi inapotea bure."

"Nasema kweli. Asinihutubie. Aniage kama alivyokuwa ananiaga akienda shule. Basi."

"Alikuwa anakuagaje?"

"Hilo si lako," akasema, akanijazia bakuli la pili ili ninyamaze.

Nikamwahidi. Mdomo umejaa ndizi, lakini niliahidi.

Alifariki mwezi wa kumi na moja. Disemba haikumngoja.

Mtaa ulifungwa kwa turubai, viti vya plastiki vikapangwa kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye nguzo ya umeme. Maduka ya jirani yalifunga, spika zao zikanyamaza, na Mchafukoge ikawa na ukimya ambao sijawahi kuusikia pale, ule wa kusikia mtu akimenya kitunguu upande wa pili. Rogath alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, watu wanapita wanampa mkono. Mimi nilipofika sikutoa mkono. Nilimkumbatia.

"Mangi."

"Asante kwa kuja, ndugu yangu. Tumepoteza nguzo."

"Nguzo ya wapi? Mimi nimempoteza aliyekuwa ananipikia mtori. Wewe umempoteza mama."

Akaniangalia kama mtu anayepapasa mifukoni kutafuta funguo anazojua alikuwa nazo. Nilitaka kumpa muda azipate. Lakini Shukuru, msaidizi wake, kijana wa miwani anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi, akamwinamia sikioni: "Mheshimiwa, wageni wa wilayani wamefika."

"Nisikie kwanza," nikamwambia Rogath. "Mama alisema usimhutubie. Aliniambia mimi kwa mdomo wake. Umuage kama ulivyokuwa unamuaga ukienda shule."

Akageuka kuangalia mlango wa duka.

"Limepokelewa," akasema, akainuka kwenda kwa wageni.

Vyombo vya sauti nilipewa mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu nyingine, kukodisha spika, na kwa sababu nilisema nitafanya bure. Mpare kufanya kazi bure, hiyo yenyewe ilikuwa ni kilio. Nikamweleza Mama Mdogo Fortunata, mdogo wake marehemu, ahadi niliyotoa. Yeye alinisikiliza huku anafunga kitenge kiunoni. "Basi ukae macho," akasema.

Siku ya kuaga, jeneza liliwekwa kwenye baraza ya duka, juu ya meza, sakafu ya marumaru chini yake imesuguliwa mpaka inang'aa. Milango ya duka nyuma yake ilifunguliwa, na mabeseni yalikuwa yamepangwa kwa rangi kama alivyokuwa akiyapanga mwenyewe. Magari ya kwenda Kibosho yalikuwa yanasubiri ng'ambo ya turubai. Mimi nilikaa mwisho kabisa, kwenye ngazi za jengo la pili, na mashine yangu ya sauti.

Rogath akashika kipaza sauti, akafungua karatasi.

"Waheshimiwa viongozi, viongozi wetu wa dini, ndugu waombolezaji, itifaki imezingatiwa." Sauti ilikuwa safi sana. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri, Mungu anisaidie. "Mama huyu hakuwa mama yangu peke yangu. Alikuwa mama yetu sote. Leo hii sisi sote ni yatima."

Vichwa vikatikisika. Siwema alikuwa anajifuta kwa soksi mpya. Pua yangu nayo ikaanza kuwasha, nikaikasirikia.

"Na namna bora ya kumuenzi si machozi. Ni kuyaendeleza yale ambayo kwa pamoja tumeyaanza."

Kutoka baraza ile, juu ya vichwa vya watu wote, Mama Mdogo Fortunata alinitazama. Hakuinua hata kidole. Alinitazama tu.

Ndipo Rogath akaikunja karatasi. Akageuka, akaangalia picha ya mama yake iliyoegemezwa kwenye jeneza, na bega lake moja likashuka. Aliposema tena, sauti haikuwa ile. Ilikuwa ya yule wa kurudisha chenji.

"Mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo anazungumza na mwenye shughuli. "Mama, ulinishika mkono tukashuka kwenye basi. Nilikuwa naogopa watu. Nikakuuliza, hapa ni wapi. Ukaniambia, hapa ni Kariakoo."

Akalitafuta neno linalofuata. Akanyamaza.

"Yetu," tukajibu.

Wote. Bibi zake kwenye mkeka, wasukuma mikokoteni waliovua kofia, katekista mwenye kitabu mkononi. Kwa sauti moja, nzito, iliyokwisha kupikwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Alitaja kitu, akafunga mdomo, na ukimya watu hawawezi kuuvumilia. Sauti ya kwanza kabisa ilikuwa yangu, mdomo ulijibu kabla sijaulizwa.

Rogath alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Akatuangalia. Niliona kabisa uso unavyoshuka, kama lile geti la bati tunaloteremsha jioni, mpaka chini, mpaka kufuli. Kidevu kikainuka.

"Asanteni sana," akasema, na sauti safi imerudi. "Mnaona wenyewe jinsi mama alivyotuunganisha. Hata katika msiba tunasimama pamoja. Kariakoo."

"Yetu."

"Sikusikia. Kariakoo."

Hapo nikazima.

Mdomo wake uliendelea kidogo bila sauti. Shukuru tayari alikuwa ananijia kwa mwendo wake wa kuchelewa.

"Washa."

"Umeme umekatika."

"Umekatika wapi, na feni ile inazunguka?"

"Umekatika upande wa Wapare," nikamwambia, nikanyanyuka.

Nikapita katikati ya viti. Mtu mmoja akasema, "Mtani huyo," na njia ikafunguka yenyewe. Mtani akiinuka msibani hazuiwi, hata na mlinzi wa mheshimiwa. Yule mlinzi naye alisogea, nadhani ni Mmeru, watu wa kule wanaelewa. Nikafika mbele ya jeneza. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa tangu juzi, mimi mtu wa maneno. Yote yalikuwa yameruka. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa sarafu, nikaidondosha kwenye marumaru.

Ililia kwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea. Ikabiringika, ikazunguka, ikalala chini ya meza.

Nikaegemeza sikio kwenye jeneza. Nikasubiri. Watu wote wakasubiri na mimi.

"Hajaamka," nikawaambia. "Mchagga anasikia hela imedondoka, na haamki. Basi jamani, ni kweli. Ametutoka."

Aliyecheka kwanza ni Mama Mdogo Fortunata. Kicheko kikampasuka katikati, kikawa kitu kingine. "Mpare laana wewe," akasema, akajifunika kitenge usoni. Wazee wakacheka, bibi wakacheka na kulia kwa pumzi moja, turubai lote likatikisika. Rogath alikuwa amesimama pale na kipaza sauti kilichokufa. Nikamsogelea mpaka asikie yeye tu.

"Acha kuwaaga hawa, Mangi. Hawa hawaendi popote. Anayeondoka ni huyu."

Akanikabidhi kipaza sauti kama mtu anayempa kuli mzigo uliomshinda. Nikakipokea. Ningeweza kubaki palepale. Nilitaka kubaki, nitasemaje, nilikuwa nimesubiri neno moja la kweli kutoka kwake muda mrefu kuliko ilivyo heshima kusema. Lakini nikibaki mimi watabaki wote, na shughuli itarudi kuwa mkutano. Nikarudi nyuma huku nawaonyesha watu kwa mkono wakae, wageuze macho. Wakageuza. Mtani akisema geuza macho, unageuza.

Nilipofika kwenye ngazi zangu nikamwona amepiga magoti, paji la uso limegusa mbao, mgongo unapanda na kushuka. Alizungumza. Hakuzungumza kidogo. Ng'ambo ya turubai wasukuma mikokoteni walikuwa wanaomba njia, pikipiki inapiga honi, na mimi mwenye vyombo vyote vya sauti Mchafukoge nzima sikusikia hata neno.

Baadaye, watu wakipakia mizigo, nilimfuata Mama Mdogo Fortunata aliyekuwa jirani kabisa na jeneza.

"Alimwambia nini?"

"Alisema Kichagga."

"Si unitafsirie."

"Yanakuhusu nini wewe? Ya mtu na mama yake hayo." Lakini alinishika shavu aliposema hivyo, mkono unanuka vitunguu.

Mtani hufuata mwili mpaka kaburini. Hufika, hulalamika shimo ni fupi, hupigwa faini, hupewa mguu wa kuku na pombe ya mbege, ndiyo utaratibu. Begi langu lilikuwa tayari. Nimevaa hata sweta, Dar es Salaam, jua la mwezi wa kumi na moja, kwa ajili ya baridi ya Kibosho. Shukuru alikuwa amesimama mlangoni mwa basi.

"Nafasi zimejaa, kaka. Halafu Mheshimiwa hakufurahishwa na suala la spika."

"Amesema hivyo yeye?"

Akarekebisha miwani. "Imeonekana hivyo."

Nikaenda kwenye gari lake mwenyewe. Kioo kilikuwa wazi nusu. Macho yake yalikuwa mekundu, uso umelegea, uso wa zamani kabisa, na aliponiona akasogea kwenye kiti kama anayempisha mtu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Mangi."

Midomo yake ikaanza kulitengeneza jina langu, lile la kweli kwetu wawili, Mpare. Kiti cha mbele mgeni mmoja wa wilayani akageuza shingo kuangalia ni nani. Rogath akalimeza.

"Tutawasiliana, ndugu yangu," akasema. Kioo kikapanda. Mama Mdogo Fortunata alinipungia kitenge kutoka dirisha la basi, msafara ukakata kona, ukaisha.

Turubai likashushwa, viti vikabebwa. Mimi nikavua sweta, nikakunja nyaya zangu. Nilikuwa nimefika kwenye spika ya pili nilipoikumbuka sarafu. Mpare haachi hela sakafuni, hata ya msibani, kwetu Gonja, Upareni, wangenitenga. Nikarudi barazani, nikainama chini ya meza. Nikaangalia nyuma ya mlango, nikainua beseni moja moja, nikapitisha kidole kwenye maungio ya marumaru.

Haikuwepo. Mtu ameibeba.

Nikakaa chini nikacheka. Msiba wa Mchagga, sarafu ya Mpare, Wachagga wamezunguka pande zote, wanalia, wana uchungu wa kweli, na bado mmoja wao aliinama. Sijapata kupewa kichekesho kizima namna ile, kimeshamenywa, ni kukila tu. Nikageuka kumwambia mtu. Hivyo tu, kwa mazoea, shingo iligeuka yenyewe, kwanza upande wa ngazi za juu, kisha upande wa mlangoni pale alipokuwa anasimama wa kurudisha chenji.

Ng'ambo ya mtaa jirani alikuwa anafungua duka lake. Akapandisha geti, akapangusa vumbi mlangoni, akawasha kispika.

"Mama njoo," nikasikia nikiita. "Mama njoo, dada njoo."